Raba Chini ya Ufizi

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaenda mbali, sukuma kwa ncha ya ulimi meno yako mawili ya mbele, yale ya juu. Sukuma tu, hayataanguka. Unahisi kama yamejengewa kwa saruji. Ukweli ni kwamba kila jino limeshikwa ndani ya mfupa kwa nyuzi nyembamba mno, na mtu akilisukuma kidogo kidogo, siku baada ya siku, mfupa wa mbele yake utayeyuka na mwingine utajengeka nyuma yake, na jino litahama. Linahama polepole kuliko ukucha unavyoota, lakini linahama. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nahamisha meno.

Nawaeleza watu hivyo karibu kila siku, na nikifika pale ninaposema mfupa utayeyuka, wengi hufunika mdomo kwa mkono. Huwa nasubiri mkono ushuke, kisha naanza tena taratibu.

Nilianza Kitale, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Nilikuwa na kiti kimoja, taa moja, mashine ya kuchemshia vyombo, na jenereta ndogo ya siku ambazo stima ingepotea. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi na kuingia kabla ya mgonjwa. Mwaka wa kwanza watu walipanda wakitaka kung'olewa, nami nikawaambia sing'oi ovyo, napanga. Mzee mmoja aliniuliza, "Unapanga kama nini? Kama viti vya kanisa?" Nikamwambia ndiyo, hasa hivyo. Akacheka, akashuka, na wiki iliyofuata akamleta mjukuu wake.

Msaidizi wangu alikuwa mama mmoja wa Webuye, muuguzi aliyestaafu, ambaye kila mtu alimwita Sista. Ndiye niliyezungumza naye mchana kutwa, kwa sababu kazi hii ni ya kuongea na watu wasioweza kujibu. Unamwuliza mtoto habari za shule na vidole vyako viko mdomoni mwake.

"Daktari," Sista aliniambia siku moja, "wewe unauliza mtu swali na umemjaza pamba. Unataka akujibu na macho?"

"Macho yanatosha."

"Basi leo umeongea na macho ya watu kumi na wawili. Enda nyumbani uongee na mtu ako na mdomo."

Alisema kwa mzaha, nami nikacheka. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Nilikuja Kitale na mume aliyekuwa akifanya kazi mbali, kisha umbali ukawa ndio ndoa yenyewe, kisha hata huo ukaisha. Nilibaki na nyumba ya vyumba vitatu pembeni mwa shamba la mahindi la mtu mwingine. Mahindi yakishakua yalifunika barabara, na kwa miezi kadhaa sikuwa naona gari wala mtu kutoka dirishani, ila majani tu.

Kuna upweke mwingine ambao sikuutegemea. Katika kazi hii, ukifaulu, mtu haonekani tena. Unakaa naye miaka miwili, unaijua pumzi yake, unajua siku gani alikula mahindi ya kuchoma ingawa ulimkataza. Halafu unamtoa waya, anajitazama kwenye kioo, analia kidogo, anakukumbatia, na huo ndio mwisho. Walionirudia ni wale tu ambao jambo liliharibika.

Wagonjwa wengi walikuwa wakitoka Bungoma na Kimilili, kwa hiyo mwaka wa tano nilikodi chumba cha pili mjini Bungoma, nyuma ya duka la miwani. Nikawa huko na Sista Jumanne na Ijumaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kukua si sawa na kuongezeka. Nilikuwa na viti viwili, funguo aina mbili, makabati mawili ya kadi, na mikono ileile miwili. Jambo gumu likitokea mdomoni mwa mtu, hapakuwa na mwenzangu karibu wa kumwambia njoo utazame. Nilitangaza nafasi. Akaja daktari kijana kutoka Nairobi, mpole na mwenye mikono mizuri sana. Alikaa siku mbili. Siku ya pili aliniuliza, "Jioni watu wa hapa hufanya nini?" Nikamjibu kwa uaminifu kwamba mimi husoma. Aliniaga kwa heshima na hakurudi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Waya wa meno unataka kuonwa kila baada ya wiki nne au sita. Lakini sehemu zetu hizi watoto wengi wa sekondari wako bweni, na mtoto wa bweni si wako, ni wa kengele. Kumtoa katikati ya muhula kunahitaji karatasi ya ruhusa, sahihi mbili na sababu nzuri, na meno yaliyopinda hayahesabiwi kuwa sababu nzuri. Kwa hiyo wote walinijia wiki moja, shule zikifungwa, wamejipanga kwenye ngazi hadi dukani chini, kisha wakapotea miezi mitatu.

Nilitafuta njia. Wengine walihitaji raba, vile vipete vidogo vya mpira vinavyovutwa kutoka jino la juu hadi la chini, vyembamba kama pete ya mdoli. Hubadilishwa kila siku, na mgonjwa huvaa mwenyewe. Kwa kawaida humpa mtu za mwezi mmoja. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye bidii kuliko wote niliopata kuwatibu, nilimpa pakiti nne, za muhula mzima na ziada. Niliona nimekuwa mwerevu. Nilimfundisha kuzivaa mbele ya kioo mpaka akaweza akiwa amefumba macho. Sikumwambia kitu kingine. Hilo ndilo kosa langu, na nakuomba ulikumbuke, kwa sababu yaliyobaki yote yalitoka hapo.

Ijumaa moja mwanzoni mwa likizo, Bungoma, aliingia mama anayeuza vitunguu na nyanya soko la Kamukuywa. Nyuma yake alikuwa binti yake wa kidato cha pili, amejifunika mdomo kwa mkono wa sweta.

"Daktari, nimeambiwa wewe ni wa waya," mama alisema hata kabla hajakaa. "Sisi hatutaki waya. Tunataka tu hii meno ikae kwa mdomo."

Msichana alishusha sweta. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameshuka chini kuliko mengine, marefu kama ya sungura, na ncha zake zimeachana. Ufizi ulikuwa mwekundu na umevimba. Niliyagusa kwa kidole, yakacheza.

"Huko hospitali tulipewa dawa ya kusukutua," mama aliendelea. "Akapigwa picha, picha ikasema mfupa unaisha. Sasa mtoto wa miaka kumi na tano, mfupa wake unaisha aje? Mimi nina hamsini na wangu haujaisha. Tena alikuwa na mwanya, Daktari. Mwanya mzuri kama huu." Akanionyesha wake, akitabasamu licha ya yote. "Mimi niliolewa na huu."

Nilimtazama binti. Niliwahi kusoma habari za jambo hili chuoni, ukurasa mmoja tu, na sikutegemea kulikuta.

"Uliweka raba?" nikamwuliza.

Akavuta tena mkono wa sweta mdomoni.

"Huyu hasemi," mama akasema. "Amenyamaza tangu shule ifungwe, kama mtu ameiba."

"Hajaiba. Nani atakugombeza hapa? Mimi sigombezi. Uliweka raba, ukazungusha meno mawili?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Lakini ilianguka."

"Ulijuaje?"

"Niliamka asubuhi sikuiona. Nikaweka ingine. Hiyo pia ikaanguka."

"Zilikuwa ngapi zote?"

"Tatu. Zote zilianguka, Daktari."

Nilimwomba Sista anitolee karoti kwenye kikapu chake cha chakula cha mchana, maana alikuwa nayo. Nikaivalisha raba upande mpana, karibu na majani, nikawaambia watazame. Raba ikakaa sekunde chache, kisha ikateleza yenyewe kuelekea ncha, kwa sababu huko ndiko kwembamba. "Jino lina umbo hili hili," nikawaambia. "Sehemu tunayoiona ni pana, mzizi unachongoka. Raba haianguki. Inapanda, inaingia chini ya ufizi, na kila inapopita inakula nyuzi na mfupa. Na picha haiioni, maana ni mpira, si chuma."

Mama aliishika ile karoti, akaitazama upande huu na ule. "Kwa hivyo ziko ndani," akasema polepole.

"Ziko ndani."

Nilimdunga ganzi, nikafungua ufizi. Ya kwanza niliipata upesi. Ya pili ilikuwa juu zaidi. Ya tatu ilinichukua karibu saa nzima, na Sista alishika taa akibadilisha mikono. Ilikuwa imefika karibu na ncha za mizizi. Nilipoziosha na kuziweka kwenye kitambaa cheupe, zilikuwa na rangi ya samawati iliyopauka.

Raba za rangi hiyo naagiza mimi. Sehemu zetu zote, kati ya mlima na reli, sikujua mtu mwingine anayezitumia.

Sista aliziona, akaniona mimi, akageuka kuosha vyombo. Nilimwuliza msichana alizipata wapi, naye akajibu kwa mdomo uliokufa ganzi kwamba kuna dada wa kidato cha tatu bweni lao ana pakiti nyingi, anagawa. Yeye mwenyewe hakutaka kuziba mwanya, akasema. "Nilitaka tu ikae kama niko na waya." Waya ulikuwa wa watoto wa watu wenye nacho. Raba ilikuwa ya kila mtu.

Nilimweleza mama ukweli wote, hata ule wa pakiti nne. Kisha akauliza swali moja tu, na likawa ndilo swali letu kwa miezi iliyofuata: "Sasa yatabaki?"

"Sijui," nikamwambia. "Nitayafunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani, yapumzike. Kama mfupa utarudi kidogo, yatashika. Kama hautarudi, nitayatoa mimi mwenyewe."

Jumapili mchana nilimpigia simu mwenzangu tuliyesoma naye, yuko Nairobi. Nikamweleza kila kitu. "Ningeyatoa hayo," akasema. "Usimpe mtoto matumaini." Nyuma yake nilisikia watoto wake wakigombania rimoti, na mtu akimwita mezani. Nikamshukuru. Baadaye nilikaa na picha za taya ambazo mama aliniachia, nikiziinua dirishani, hadi mwanga wa jua ukaondoka mezani. Nilitamani mtu mmoja tu wa kukaa upande wa pili wa meza aseme ndiyo au hapana. Nikaamua kusubiri. Sikuwa na hakika kama nasubiri kwa ajili ya msichana au kwa ajili yangu.

Shule zilipofunguliwa nilienda kwenye shule yao. Naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya gwaride, alinikaribisha chai.

"Daktari, nipe tu jina la ule alileta hiyo maneno," akasema. "Tutaimaliza hapa hapa."

"Aliyeleta ni mimi."

Akacheka. Alipoona sicheki, akaweka kikombe chini. "Sasa wewe nikupigishe magoti aje?"

"Nikubalie tu nione midomo yao. Na pasiwe na adhabu, la sivyo watazificha."

Akakubali. Walipanga mistari kwenye ukumbi wa kulia, nami nikapita na tochi na kioo kidogo, mdomo baada ya mdomo, mchana mzima. Walikuwa wanataniana wakisubiri.

"Wee, fungua vizuri, huyu si mpiga picha."

"Daktari, mwanya yangu ni ya kupigia filimbi. Usiifunge, bana."

"Ati huyu hajapiga mswaki, Daktari. Ruka yeye."

Nilipata watatu wenye raba. Mmoja yake ilionekana wazi. Wawili zilikuwa zimeanza kuingia, ukingo tu wa samawati kando ya ufizi, na wenyewe waliapa zilianguka zamani. Nilizitoa kwa kijiti chenye ndoano, hapo hapo, na meno yao yalikuwa bado imara.

Yule wa kidato cha tatu nilimkuta mwisho wa mstari. Alikuwa ameshalia. "Waliniomba," akaniambia. "Kwa bweni ukinyima mtu kitu unaitwa mchoyo hadi umalize fomu four. Hata sukari yangu huwa nagawa. Ningesema aje?"

"Ungegawa," nikamwambia. "Ulifanya vile umefundishwa. Mimi ndiye sikukwambia hii si sukari." Nilimshika bega. Alikuwa amevaa raba zake vizuri, zote, mahali pake. Meno yake yalikuwa yanaenda kama nilivyotaka, na nilimwambia hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli na alihitaji kusikia.

Naibu alianza kumruhusu binti wa Kamukuywa aje Bungoma kila Ijumaa ya pili, bila karatasi ndefu. Alikaa kwenye kiti, akafungua mdomo, nami nikagusa jino la kushoto, kisha la kulia. Hatukuongea sana. Mama yake alisimama mlangoni na kikapu, akitazama kidole changu badala ya uso wangu. Wiki ya sita la kushoto lilicheza kidogo kuliko awali. Nilidhani ni mimi ninayetaka iwe hivyo, nikamwomba Sista naye aguse. Sista akagusa, akasema, "Hili limekataa kutoka." La kulia hakulitaja.

Likizo iliyofuata nilifungua ule waya mwembamba. La kushoto lilibaki mahali pake. La kulia lilitoka kwa vidole viwili, bila koleo, karibu bila damu. Msichana aliliona kwenye kitambaa akafumba macho. Mama yake alikuja mpaka kwenye kiti kwa mara ya kwanza, akamshika mguu, maana ndio alioweza kuufikia.

"Moja limebaki," akasema.

"Moja limebaki," nikasema.

Nilimchukua kipimo cha taya nimtengenezee jino la kuvaa na kuvua, mpaka awe mtu mzima aweze kuwekewa la kudumu. Nikaeleza jinsi litakavyokaa. Mama akanikatiza. "Utamwachia mwanya?"

Nilimgeukia binti, kwa kuwa mdomo ni wake. Alijitazama kwenye kioo cha mkono, akapitisha ulimi kwenye pengo. "Mdogo," akasema. "Kama wa Mama, lakini mdogo."

Nililitengeneza mwenyewe Kitale, jioni nne mfululizo, nikifuta nta na kuanza upya hadi nafasi ile ikawa sawa. Alipolivaa alitabasamu kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akaniaga na mama yake, wakatoka kupitia duka la miwani. Nilisimama kwenye chumba kile nikiwa na vioo vyangu na Sista. Nilijua msichana atarudi kila mwaka, maana jambo liliharibika. Nilifurahi kwamba atarudi, na nikaona haya kwa kufurahi.

Bado niko peke yangu na viti viwili. Raba natoa za wiki mbili tu sasa, na zilizobaki natuma kwa matroni wa bweni, ambaye huzigawa kwa jina na kuzihesabu. Kila anayezipokea namwonyesha karoti. Lakini wewe huenda hutapanda ngazi zangu kamwe, na huenda mtoto wako yuko bweni mbali sana na hapa, kwa hiyo nikuachie hili. Usizungushe raba wala uzi wowote kwenye meno mawili ya mbele, na umwambie mtoto wako hivyo leo. Na kama aliwahi kuweka raba, akaamka asubuhi asiione, usimwamini akisema ilianguka. Mpeleke kwa daktari wa meno kesho asubuhi, na umwambie daktari, kwa maneno haya haya, kwamba kulikuwa na raba.